Watu wa Mkono wa Kushoto

Mpanda, Mgodini
3 Julai 1955

Dada yangu Verdiana,

Pokea salamu zangu, na kabla hujauliza: nakula, nalala, na shati nililovaa lina vifungo vyote. Kikohozi kipo kidogo, ni moshi wa maabara, kisikutie wasiwasi. Nyumba za kambi zimepakwa chokaa upya kwa sababu mkubwa fulani alikuwa anakuja kututazama. Hakuja, ila chokaa tumebaki nayo. Mpwa wangu Getrude hajaniandikia hata mstari mmoja tangu aolewe Kapalamsenga. Mwambie dagaa wa ziwani wasimsahaulishe mjomba wake.

Sasa sikiliza. Ponsian wa lori akikukabidhi barua hii atakupa pia bahasha ngumu. Usiikunje. Ndani mna picha tatu, kila moja ukubwa wa viberiti viwili vilivyolazwa pamoja. Nimezichora mimi. Unamkumbuka yule bruda wa misheni aliyenifundisha kuchora kwenye bamba la shaba, kabla sijagombana naye? Hapa maabara, ninapoosha chupa baada ya mabwana kupima mawe ya madini ya risasi, vipande vya shaba hutupwa na tindikali hubaki vikombeni. Napaka bamba nta, nalifukiza masizi, nachora kwa sindano mpaka shaba ionekane, halafu nalilaza kwenye tindikali. Inakula pale tu sindano ilipopita. Kisha napaka wino, nafuta, naweka karatasi yenye unyevu juu yake na kuvipitisha pamoja kwenye mashine ya dobi ya kukamulia nguo. Dobi analalamika kwamba shuka za mabwana zinatoka na mistari myeusi. Nimemwambia walale tu, ni wino safi.

Utauliza kwa nini najisumbua. Mwezi uliopita mgeni mmoja alisahau jarida lake mezani. Nimelisoma lote, hata matangazo ya sabuni. Lina picha za nchi yetu, kurasa kumi na mbili. Tunacheza ngoma. Tunacheka. Mmoja wetu amelala kivulini na mbwa wake. Hakuna ukurasa hata mmoja wenye mgongo wa mwanamke anayelima. Hao waliochapa jarida wanadhani mchele huota ukiwa tayari kwenye gunia? Mtu akikuonyesha umelala siku zote, kesho atasema hustahili kuulizwa neno lolote kuhusu nchi yako mwenyewe. Ndiyo maana nataka picha ishirini za kazi, kazi tupu, na nitazipeleka kila mahali watakaponikatalia.

Ya kwanza ni wewe ukilima mbugani. Ya pili ni shemeji yako Gaspar akipura mpunga. Ya tatu ni wanawake watatu kisimani. Nimechora kwa kukumbuka tu, maana ni miaka minne sijafika huko. Waonyeshe watu. Moja ibandikwe dukani Kibaoni. Na nta yangu inakwisha, nitumie kidogo.

Mdogo wako,
Makarius


Mamba
30 Julai 1955

Mdogo wangu Makarius,

Sisi hatujambo. Mpunga umejaza vihenge viwili na nusu. Getrude amejifungua mtoto wa kike, ameitwa Helena kama mama yetu, na wanasema ana sauti yako, yaani halali na hataki wengine walale. Ponsian alifika siku ya soko. Bahasha hakuikunja, ila aliikalia.

Picha nimeziona. Ya kisimani nimeibandika ukutani. Ya Gaspar nimempelekea mwenyewe. Yangu nimeiweka chini ya mkeka wa kitanda na hapo itakaa. Nataka kujua kitu kimoja tu: nani alikuambia? Kama ni Ponsian, sema. Kama ulitaka kunicheka ungenicheka kwa mdomo kama zamani, siyo kunichora nimeshika jembe kwa mkono wa kushoto na kuagiza nibandikwe dukani.

Unajua ninavyokaa hapa. Tangu tumzike mume wangu Leodgar, huyu mdogo wake Gaspar hupita kando ya shamba la mbugani kila jioni, anatembea kama mtu anayehesabu hatua. Maneno ya ukoo wao unayajua: mjane atalishika shamba la mumewe maadamu analilima kwa mkono wake mwenyewe. Akishindwa msimu mmoja, linarudi kwa ndugu. Sina shamba lingine la mpunga. Sasa fikiri mwenyewe, wewe mwenye kusoma majarida.

Tena mpini umeuchora mrefu mno. Lile ni jembe au kasia?

Dada yako,
Verdiana


Mpanda, Mgodini
19 Agosti 1955

Dada mpendwa,

Karibu Helena mdogo duniani. Aendelee kupiga kelele, tuna upungufu wa watu wa namna hiyo. Hapa wote wazima, ila dobi ameninunia.

Nimesoma barua yako mara tatu sikuielewa, mara ya nne nikajipiga kofi. Nenda kwenye picha ya kisimani ukaitazame: wale wanawake nao wamebeba kwa mkono gani? Na Gaspar anapiga mpunga kwa mkono gani? Wote ni watu wa kushoto. Bamba likichapwa hugeuka, kama uso kwenye kioo. Ukitaka mtu atoke wa kulia, umchore wa kushoto. Bruda alinieleza hayo siku ya kwanza kabisa, nami nilikuwa nimejishughulisha kumweleza makosa yake ya historia. Kwa hiyo hakuna aliyeniambia kitu, na sikucheki. Nimewageuza watu wote wa Mamba kwa ujinga wangu.

Lakini nani aniambie nini? Ulikuwa unamwogopa Ponsian kwa habari gani?

Na huyu Gaspar. Shamba lile lilikuwa matete matupu, mkalisafisha nyie wawili, wewe na marehemu, huku yeye akiwa anatafuta ng'ombe aliowapoteza mwenyewe. Leo anahesabu hatua. Nipe ruhusa dada. Nitaandika barua moja kwa mtemi, moja kwa bwana wilaya, na ya tatu gazetini, na jina lake nitalitaja herufi kwa herufi. Hao wanaofanya mila kuwa kamba ya kupimia mashamba ya wajane wanahitaji kusomwa hadharani.

Mpini nitaupunguza.

Makarius

Mwandiko wako umelala kinyumenyume, kama watu wanaopanda mlima na upepo unawapiga usoni. Uliandikia pajani?


Mamba
22 Septemba 1955

Mdogo wangu,

Nimefurahi kuwa ni ujinga. Nisamehe nilivyokuandikia. Nimeitoa picha chini ya mkeka.

Barua hii imechelewa kwa sababu lori la Ponsian lilivunjika ekseli katikati ya pori, akakaa siku sita akiangaliwa na tembo. Joto limeanza. Nimekutumia nta vipande viwili, ni ya mizinga ya marehemu, kwa hiyo usiipoteze kwa kuchora watu waliolala.

Gaspar amekasirika. Alikwenda na picha yake kilabuni ajisifu, wakamwuliza tangu lini amekuwa mashoto. Mke wake Klementina alicheka mpaka akakaa chini. Sasa kila akipita watoto wanampungia mkono wa kushoto. Mimi nimefurahi kidogo, halafu nikatubu.

Barua zako tatu usiandike. Usiandike hata moja. Mwaka wa hamsini na moja nilikuambia kwamba katekista alininyima nafasi ya kukaa kwenye mkutano wa shule. Ukaandika kurasa saba, zikasomwa mbele ya padre, ukagombana na kila mtu ukaondoka zako Mpanda na kifua mbele. Mimi nilibaki. Miezi sita nilikuwa nachota maji peke yangu, na aliyenipita njiani alikuwa anatazama miti. Hukuuliza na sikukuambia. Maneno yako ni mazuri, Makarius, lakini wewe ukiyatupa mimi ndiye ninayeishi mahali yanapoangukia.

Mwandiko ni karatasi tu, ilikuwa mbaya.

Dada yako,
Verdiana


Mpanda, Mgodini
10 Oktoba 1955

Dada,

Salamu kwa wote. Nta imefika na inanuka moshi wa nyumbani. Nimekaa nayo puani kama mtu asiye na kazi.

Habari ya ile miezi sita sikuijua. Nimeandika mistari mingi hapa ya kujitetea, nikaichana. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa naogopa jibu. Basi.

Lakini karatasi haikuwa mbaya. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, nyuma ya jiko, kwa mkaa juu ya mlango uliovunjika. Najua mkia wa kila herufi yako. Na sasa nimekaa karibu miezi miwili nikichora mambo kinyume, macho yangu yamezoea. Nimeweka barua zako mbili za mwisho chini ya kioo cha kukuzia tunachotumia kutazama mawe. Wino umepakazwa upande usiostahili, kama mkono umepita juu ya neno kabla halijakauka. Msalaba wa herufi t unaanzia kulia na kuishia kushoto. Mtu anayeandika hivyo ameshika kalamu kwa mkono wa kushoto, tena ameanza karibuni, maana kila mahali anasita.

Uliniuliza nani aliyeniambia. Ni wewe mwenyewe. Mkono wako wa kulia una nini?

Sitaandika kwa mtu. Naapa kwa jina la mama.

Makarius


Mamba
31 Oktoba 1955

Mdogo wangu,

Shetani akuchukue wewe na kioo chako.

Ilikuwa mwezi wa tano, maji ya mbugani yanakauka na kambale wamebaki kwenye tope. Nilikuwa nawakamata kwa mkono, kama tulivyofanya sote tangu utotoni. Mmoja alinichoma kwa ule mwiba wake wa pembeni, hapa chini ya kidole gumba. Nilicheka. Nikamla jioni. Siku ya tatu mkono ulikuwa kama kibuyu. Niliuficha ndani ya khanga, nikasema ni jipu, nikatembea hadi zahanati ya mbali ambako hawanijui. Usaha ulitoka, maumivu yakaisha, lakini vidole vitatu vimekauka. Havikunji. Navitazama asubuhi na kuviamuru, vinanitazama tu.

Mpunga nilimalizia kuvuna kwa kushoto, kabla watu hawajafika shambani. Kutwanga naweza, mchi haujali sana. Kulima siwezi kudanganya. Mkono wa kulia unaongoza mpini ila haushiki, nikipiga jembe linakwenda pembeni. Juzi nilijaribu nyuma ya nyumba. Mistari mitatu, na kila mmoja unaelekea kijiji chake.

Mvua ni baada ya wiki tatu. Hakuna anayejua isipokuwa wewe, na Mungu ambaye hana tabia ya kuandika gazetini. Getrude sikumwambia, ana mtoto mchanga, angekuja na kuacha nyumba yake.

Usinipe maneno. Ninayo ya kutosha.

Verdiana


Mpanda, Mgodini
12 Novemba 1955

Dada,

Ponsian ananisubiri injini ikiwaka, kwa hiyo ni fupi. Nimepewa likizo siku ishirini na nane. Nakuja kwa safari yake ya pili, tarehe ishirini.

Nikiri jambo. Mpini ule niliuchora mrefu kwa sababu sijashika jembe miaka kumi na moja. Nimekuwa nikipigania heshima ya kazi kwa mikono laini kama ya dobi. Utanicheka, na una haki.

Nani atasema nini nikilima mimi, sijui. Utaniambia nikae wapi na ninyamaze lini.

Makarius


Mamba
9 Februari 1956

Mdogo wangu mpendwa,

Hii ni barua ya kwanza tangu uondoke, maana mito imejaa na lori halikuonekana wiki saba. Natumaini malengelenge yamepona. Mpunga umefika magotini. Helena mdogo ameota jino, na Getrude ameapa kukuandikia, msubiri ukiwa umekaa.

Sikukuambia haya ulipokuwa hapa, kwa sababu ukisifiwa unaongezeka. Unakumbuka siku ya tano, Gaspar alipokuja kusimama kwenye kingo na kusema, "Naona Verdiana ameoa." Ulinyooka. Nilikuona umevuta pumzi, nikajua sasa kurasa saba zinakuja. Halafu ukanitazama, ukainama, ukaendelea kulima. Vibaya sana, lakini ukaendelea. Makarius, nimekupenda tangu unazaliwa, ila siku ile nilikupenda kwa sababu.

Sasa nikuambie yaliyofuata. Alingoja uondoke. Siku ya tatu baadaye akaja na baba yake mdogo, mzee Cletus, na Klementina nyuma yao. Mimi niko shambani. Akasema, "Shemeji, shamba limelimwa na mtu wa Mpanda. Mkono wako uko wapi?"

Unaikumbuka sehemu ile ya kichuguu niliyokukataza kuigusa, ukanung'unika siku nzima kwamba nakudharau? Niliiacha kwa ajili yao. Nilikuwa nimechoka kuficha. Nikafungua khanga nikauonyesha mkono, mbele ya wote, vidole vyake vitatu vimesimama kama miti ya uzio. Klementina akaziba mdomo. Gaspar akasema, "Basi, imekwisha." Nikamwambia, "Kaa chini, haijakwisha."

Nikachukua jembe kwa kushoto nikaanza. Nililima kutoka kichuguu hadi kingo, ardhi yote iliyobaki. Jua lilikuwa utosini nilipoanza, na lilikuwa limekwenda upande nilipomaliza. Mistari ilikuwa mibovu. Mmoja ulimzunguka mzee Cletus alipokuwa amekaa, ikabidi asogee, akasogea. Mara mbili nilianguka kwa goti na sikumtazama mtu.

Nilipomaliza Gaspar akasema, "Lakini kwa kushoto." Hapo Klementina akamgeukia. Akamwambia, "Mume wangu, picha yako iko ukutani kwetu tangu mwezi wa saba, unapura kwa kushoto, na mpunga ule tumeula. Amelima. Mimi nimeona. Mzee ameona. Wewe unataka alime kwa nini sasa, kwa meno?" Mzee Cletus akacheka hadi akakohoa. Akainuka, akapangusa udongo, akaniambia, "Panda, binti yangu, mvua haingoji." Wakaondoka. Kesho yake asubuhi Klementina alikuja na jembe lake, tukapanda pamoja. Gaspar bado hanisalimu, ila amebadilisha njia ya jioni.

Ponsian atakupa kibuyu kilichozibwa kitambaa. Ndani mna lile bamba ulilonipakia nta ukaniachia na sindano. Nimelichora. Nilichora kwa mkono huu ninaouandikia, jioni nne, na nimekumbuka kukugeuza. Lioshe kwenye dawa yako kali tuone.

Dada yako,
Verdiana


Mpanda, Mgodini
18 Machi 1956

Dada yangu,

Malengelenge yamepona yakaacha ngozi ngumu mahali panne, nimewaonyesha wote maabara, wamechoka kunisikiliza. Kikohozi kimepungua. Dobi tumepatana, nimemchapia picha yake akipiga pasi, kwa mkono wa kulia.

Habari ya siku ile ya kichuguu nimeisoma nikiwa nimesimama, nikashindwa kukaa. Nilitaka kukuandikia kurasa ishirini. Nimejizuia, uone nilivyofundishika.

Bamba lilifika zima, nta haikuchubuka. Nilililaza kwenye tindikali nikalilinda kuliko nilivyowahi kuilinda kazi yangu. Nikalichapa. Dada, nimechora tisa na zote ni safi, mistari imenyooka, kila mtu ana umbo. Yako mistari inatetemeka kila mahali na hakuna iliyonyooka, na ni mimi mtupu. Matako juu kama mbuni. Jembe limekwama. Shati limetoka suruali. Jasho umelichora kwa nukta, naamini umelizidisha. Jembe liko mkono wa kulia, sawasawa, na mpini ni mfupi kama inavyostahili.

Nimeitazama muda mrefu kabla sijaona kilichokosekana. Macho yapo, pua ipo, masikio umenipa makubwa. Mdomo hukuchora.

Nimeifanya ya kwanza katika zile ishirini, na chini yake nimeandika jina lako, siyo langu. Imebandikwa ukutani maabara. Jana mgeni mmoja alisimama mbele yake akauliza huyu mlimaji asiye na mdomo ni nani. Nilikuwa na majibu mengi tayari, unanijua. Nikamwambia ni mdogo wa huyo aliyeichora, nikaendelea kuosha chupa.

Mwezi wa sita nakuja kuvuna. Kambale niachie mimi.

Makarius wako